Nywele za Maurine na Wembe wa Iyolwa

Ukitoka Kenya kwa miguu, ukishapigwa muhuri na kuwaponyoka wabeba mizigo wanaotaka kukubebea hata mwavuli, pinda kushoto nyuma ya foleni ya malori. Utasikia ubishi kabla hujatuona. Benchi letu lilichomelewa na Owori, fundi wa mageti, kwa vyuma vya chesisi ya lori lililokufa, kwa hiyo ni imara kuliko ndoa nyingi za hapa Busia. Owori tunamwita Geti. Ojiambo, dereva wa boda, ni Honi, kwa sababu hajui kunong'ona. Chrispinus, muuza mitumba anayevuka kila asubuhi kutoka upande wa Kenya, ni Askofu. Aliwahi kuongoza kwaya, na tangu hapo hajakubali kwamba kuna jambo asilolijua. Kahawa ya tangawizi anauza Ariokot, na birika lake halikai chini. Mimi ni Transit. Nilikuja hapa nikipita tu kwenda Kampala, na bado napita. Siku hiyo Geti alizima mashine yake mapema, akaja kuketi katikati yetu na miwani ya kuchomelea ikiwa bado kwenye paji la uso.

— Bandugu, mnisaidie, — akasema. — Senga nafika leo. Natoka Iyolwa na wembe.

Senga ndiyo shangazi, dada wa marehemu baba yake, na kijiweni kwetu 'natoka' huweza pia kuwa 'anatoka'. Upande huu wa mpaka, senga akitumwa na ukoo, hata chifu husogea.

— Wembe ya nini? — Honi akauliza, na dereva wa lori la tatu akageuka kutazama. — Kunyoa wewe? Wewe uko na nywele ya kunyoa?

— Kunyoa Maurine.

Hapo hata Ariokot aliacha kupepea makaa.

Kesi yenyewe sote tuliijua vipande vipande. Baba yake Geti alipofariki, ukoo mzima ulinyolewa baada ya mazishi, wake kwa waume, ndivyo walivyo kwao Iyolwa. Maurine, ambaye kwao ni Kenya, Matayos, alikuwa na mimba kubwa na rasta mpya kichwani, zimekazwa hadi nyusi zimepanda. Akasema yeye hanyolewi. Wazee wakanuna, wakala nyama, wakanyamaza. Kisha akazaa mtoto wa kike. Mtoto alipoanza kucheka na watu, nywele za mama zikaanza kutoka, mashada kwa mashada. Habari ilifika Iyolwa kabla hata Maurine hajanunua kitambaa cha kujifunga. Ukoo ukakaa, ukaamua: mzee ameona alinyimwa, sasa anachukua mwenyewe. Mkaza mwana anyolewe haraka, au mtoto naye atafuatwa.

— Na Maurine nasema nini? — Honi akauliza.

— Nasema wembe ikigusa kichwa yake, yeye nabeba mtoto navuka. Na hataki kuniona tena. — Geti alikunja glovu zake za ngozi, akazikunjua. — Mimi nampenda huyu mwanamke. Lakini hawa ni watu yangu. Nikikataa, nani atanizika?

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, — akasema Askofu.

— Guu iko sawa, — Geti akajibu. — Ni kichwa.

— Ni mwili mmoja.

Nikaona niulize la maana kabla Askofu hajafungua ibada.

— Hospitali mlienda?

— Alikwenda peke yake, kliniki ya upande ya kwao. Daktari akashika kichwa, akaangalia yote, polepole. Akamwuliza amezaa lini, nasuka namna gani, nakula nini. Akapima damu. Halafu akasema ni kawaida.

— Kawaida! — Honi akafoka.

— Ati mwanamke akiwa na mimba, nywele nakaa tu, haianguki. Akizaa, ile yote ilikuwa nangoja inaanguka pamoja. Na zile rasta za kukaza zimeongeza taabu. Ati apumzishe kichwa, asuke ya kulegea ama asisuke, awache dawa ya kuchoma ile ya kulainisha, akule mboga ya dodo na maharagwe na maini. Nywele itarudi yenyewe. Lakini akiona imetoka duara duara, ama ngozi nawasha, arudi haraka.

— Akadungwa sindano gani?

— Hakuna.

— Dawa ya kupaka?

— Hakuna. Damu ilikuwa chini kidogo, akapewa vidonge vya damu tu. Akaambiwa angoje, miezi.

Honi alinitazama, akamtazama Askofu. Nilijua hukumu imeshaandikwa.

— Huyo si daktari, — akasema. — Huyo ni mpita njia. Mimi nilienda na kikohozi, nikadungwa mbili, huku na huku. Ndiyo daktari. Sasa mtu anashika kichwa yako, anasema kangoje! Kungoja ni dawa?

— Subira huvuta heri, — Askofu akakubali, — lakini haivuti nywele. Nywele zikivutwa zinang'oka.

— Mimi nywele yangu ilitoka kwa kila mtoto, — Ariokot akasema kutoka kwenye makaa. — Wanne. Na ilirudi kila mara.

— Umeona? — nikamwambia Geti.

— Lakini mimi ile imetoka nilikuwa nazika chini ya mgomba, — Ariokot akaendelea. — Ndiyo inajua njia ya kurudi. Ukitupa kwa takataka, imepotea.

— Maurine natupa wapi? — Honi akamgeukia Geti.

— Kwa choo.

Tukaguna wote, hata mimi, na mimi siamini mambo hayo. Ariokot akatikisa kichwa na kumimina kahawa.

— Hapana, hii si mambo ya choo, — akasema Honi. — Hii ni mambo ya mpaka. Sikilizeni. Mbegu ya mahindi ya Kitale, ukiichukua ukaipanda Dabani hapa Uganda, inafanya nini? Inakuwa fupi, inainama. Udongo imekataa. Nywele ya Maurine imeota Kenya. Sasa inakunywa maji ya Uganda. Itashika wapi?

— Matayos na hapa kuna umbali gani? — nikamwuliza. — Mvua ikinyesha huko, mimi huku naanua nguo.

— Mvua haina pasipoti. Nywele ni mtu.

— Na wewe, wewe umezaliwa hapa hapa Uganda, maji ni yako, udongo ni wako. Nywele zako ziko wapi?

Benchi likacheka. Kichwa cha Honi ni uwanja: nywele za kando zipo, katikati pamebaki madoa ya kung'aa. Alivuta kofia chini.

— Mimi ni mapunye, — akasema kwa heshima. — Ile helmeti ya abiria, kila mtu navaa, jasho ya kila mtu. Nikashikwa. Nikapaka dawa.

— Dawa gani?

— Ile ya kuogesha ng'ombe. Ya kupe.

— Ikasaidia?

— Kupe sijaona tena.

Ariokot alilazimika kuweka birika chini, mara ya kwanza nimemwona akifanya hivyo. Geti peke yake hakucheka. Alikuwa anachungulia barabara ya Tororo kila boda inapopita.

Askofu alisubiri kicheko kipungue. Yeye hapendi kusemea juu ya kicheko cha mwingine.

— Mnapiga kelele na ukweli uko wazi, — akasema. — Zile nywele za pakiti alizosukia, zilitoka wapi? Si plastiki zote, wengine huweka za binadamu. Zilikatwa kwa mwanamke fulani huko mbali, ng'ambo, pengine marehemu. Hizo nywele zina kwao. Zinataka kurudi. Na zikiondoka haziondoki peke yao, zinaondoka na wenyeji. Kikulacho ki kichwani mwako.

— Nguoni, Askofu. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Hii imepanda.

— Lakini alishazifumua kitambo, — nikasema.

— Ndiyo! Ndiyo maana zinatoka. Zimefunguliwa mlango.

Huwezi kumshinda mtu wa namna hiyo. Ukimwonyesha ukuta, anakushukuru kwa kumletea pa kuegemea.

— Ngoja kwanza, — Honi akainua kidole. — Geti, huyo mtoto. Kichwa yake iko namna gani?

— Ako na nywele mingi, — Geti akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu kidogo. — Mingi sana. Nyeusi.

— Umeona! — Honi akaruka, benchi likalia. — Umeona! Zimehamia! Mtoto nanyonya maziwa, nanyonya na nywele. Mama natoka, mtoto naota. Hesabu imekubali!

— Upuuzi, — nikasema.

— Sasa zimeenda wapi, Transit? Zimeenda wapi? Kitu haipotei dunia hii, inahama tu. Wewe ulihama, ukakwama hapa.

Nikanywa kahawa yangu.

— Mwachisheni mtoto ziwa basi, — Ariokot akasema kwa kejeli, — tuone kama itarudi kwa mama.

Geti aliuchukulia utani huo kama ushauri. Niliona anaufikiria. Hapo ndipo nilianza kukasirika, kwa sababu mtu aliyechanganyikiwa si wa kurushiwa kila neno linalopita mdomoni.

— Achaneni na mtoto, — Askofu akasema, sasa kwa sauti ya mazishi. — Geti. Baba yako. Mzee mwenyewe. Alikuwa na nywele?

— Hapana. Upara. Upara safi.

— Tangu lini?

— Tangu mimi namjua. Alikuwa navaa kofia ya sufu hata jua ya saa sita.

— Basi! — Askofu akaweka kikombe chini. — Huko aliko kuna baridi. Na kofia mlimzika nayo?

Geti akaisogeza miwani kwenye paji la uso. Akasema kidogo kidogo:

— Kofia ilibaki. Ndugu yangu ndiye navaa.

Honi alivua kofia yake mwenyewe, akaitazama, akaivaa tena. Nilitaka kusema kwamba mzee akihitaji nywele angeanza kwa huyo mwizi wa kofia, lakini nilimwona Geti. Alikuwa anazikunja tena zile glovu.

— Mwenzako akinyolewa wewe tia maji, — Askofu akaendelea. — Ukoo mzima ulinyolewa. Maurine alitia maji? Alitia rasta.

— Sasa mimi nafanya nini? — Geti akauliza.

— Akilala, — akasema Askofu. — Usingizi wa mama anayenyonyesha ni mzito. Wewe unashika kichwa, taratibu, kama unambembeleza. Senga ananyoa. Akiamka kazi imekwisha.

— Akiamka navuka na mtoto.

— Atarudi, — Honi akamhakikishia. — Nywele ikirudi, na yeye anarudi. Pamoja.

— Mnasikia mnachosema? — nikawauliza. Kicheko chote kilikuwa kimenikauka. — Mtu mzima anyolewe kama kondoo, amelala kwake, ameshikwa na mumewe?

— Transit, wewe si wa ukoo, — Honi akasema.

— Na wewe je?

Lakini Geti hakuwa anatusikiliza tena. Alikuwa anaangalia mikono yake.

— Leo usiku, basi, — akasema. — Nitashika.

Ariokot alikuwa anamimina. Akaacha katikati ya kikombe cha Geti, akarudisha birika kwenye makaa, akageuza mgongo. Boda moja ikakata kona na kusimama mbele yetu kwa vumbi.

Akashuka mama mmoja mfupi, gauni la gomesi la kijani, kikapu mkononi. Kichwa chake kilikuwa na nywele za kijivu, fupi, zilizoota upya tangu mazishi. Geti akasimama upesi, akaupokea mkono wake kwa mikono miwili. Ariokot akapiga goti kidogo. Sisi wengine tulisogea hadi benchi likabaki tupu upande mmoja.

— Senga Teopista, karibu.

— Mtoto nacheka?

— Nacheka.

— Mama yake?

— Iko nyumbani.

Senga akaketi, akatoa kitambaa cha mkononi kwenye kikapu, akakifungua juu ya paja. Wembe mpya, bado kwenye karatasi yake. Honi akasogea tena, ingawa hakuna aliyemtaja.

— Vizuri, — senga akasema. — Nywele ilianza kutoka wapi?

— Kwa nyumba, — akasema Geti. — Asubuhi, alikuwa nachana...

— Si nyumba. Kichwa. Ilianza wapi ya kichwa? Mbele, nyuma, kati, kwa masikio?

Geti akatugeukia. Kuna namna ambayo mtu huangalia rafiki zake akiwa mtihanini, na sisi tulikuwa madaftari matupu.

— Mbele, — Honi akajibu.

— Juu kabisa, — Askofu akasema wakati huo huo.

Senga akawatazama mmoja mmoja.

— Nyinyi ndiyo nalala na yeye?

Askofu akakohoa. Honi, kwa mara ya kwanza katika historia ya benchi, alinong'ona: — Hapana, mama.

— Kwa ukoo yetu, — senga akamwambia Geti, taratibu, kama mtu anayefundisha njia ya kisimani, — wembe naanza pale marehemu ameshika. Akishika mbele, kuna maneno yake. Nyuma, kuna maneno ingine. Ukianza mahali si yake, unaamsha wengine hujawaita. Kwa hiyo nauliza wewe, mume. Umeona kwa macho?

— Naona kwa kitana, — Geti akasema. — Naona kwa beseni. Asubuhi naona kwa shuka.

— Kichwa?

— Yeye nafunga kitambaa, senga.

— Hata ya kulala?

— Hata ya kulala.

— Na wewe hujasema fungua nione?

Lori likapiga honi mbele ya foleni. Geti akangoja liishe, kama vile lingemjibia, kisha akatikisa kichwa.

— Sasa mlikuwa nahukumu nini hapa? — senga akauliza.

Askofu, mwenye methali ya kila msiba, alitafuta na kukosa. Mimi mwenyewe nilijiona mtetezi siku hiyo, na swali hilo halikuwa limenipitia kichwani. Nilikuwa nimeuliza kuhusu hospitali, umbali wa Matayos na nywele za Honi. Aibu ilinishika vizuri.

— Piga simu, — senga akaamuru. — Uliza mwenyewe.

Geti akapiga. Vidole vyake vinene viligusa kitufe cha spika, au labda kilikuwa kimeguswa tangu kazini. Simu ikalia mbele yetu sote. Maurine akapokea.

— Nini? Senga yako amefika?

— Hapana. Yaani, ndiyo. Nauliza tu kitu.

— Uko na nani?

Tukabana pumzi, watu wazima watano.

— Niko kazini, — akasema Geti. — Maurine, ile nywele. Inatoka wapi? Mbele ama nyuma?

Tulisikia mtoto anaguna, kijiko kimeanguka mahali.

— Owori.

— Eeh.

— Nimefunga hiki kitambaa tangu zianze. Napika nacho, nanyonyesha nacho, nalala nacho. Mama yako ameuliza nitanyolewa lini. Jirani ameuliza ni ugonjwa gani. Wewe umeuliza chakula kiko wapi.

— Sasa nauliza.

— Huyo daktari mnayemcheka hapo kijiweni, simjui hanijui. Alifungua kitambaa, akashika kichwa changu kwa mikono yake, akasema, mama, hii inarudi. Nililia pale pale kwa kiti. Si kwa sababu ya nywele, Owori.

Geti alikuwa ameiweka simu karibu na mdomo sana, nadhani hata hakumbuki kama tulikuwepo.

— Ni mbele? — akauliza tena, polepole.

— Sikuambii kwa simu. Njoo uangalie.

Simu ikakatika. Geti akavua miwani ya kuchomelea, akaiweka benchini. Akavua aproni. Kwenye karakana yake hapo jirani, geti la mteja lilikuwa limeegemea ukutani, bado halina hata kitasa. Hakulitazama.

— Nikupeleke? — Honi akauliza, ameshashika ufunguo wa boda. — Bure.

— Natembea.

Akaondoka kwa miguu kati ya malori, mwanzo taratibu, halafu haraka. Tulimtazama mpaka akapotea. Ariokot akajaza kikombe, akampa senga kwa mikono miwili. Senga akapuliza, akanywa, akakiri kwamba tangawizi ni nzuri. Alikuwa ameketi kama mtu aliyefika mwisho wa safari.

Honi alivumilia akashindwa.

— Senga, na wewe huendi? — akauliza. — Na wembe je? Na mzee?

Senga alikunja kitambaa juu ya wembe, akakirudisha chini kabisa ya kikapu.

— Mzee hana haraka, ameshakufa, — akasema. — Na kule nimeitwa mimi? Ameitwa mume.